Nyiragongo: tarehe ya mlima wa moto, kwa Wakongo wa Durban

Ukitoka Durban kuelekea magharibi utafika milima ya uKhahlamba. Vilele vyake ni lava iliyomwagika zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita, ikapoa kabisa. Kwa mtoto wa Kikongo anayekulia Durban, moto wa ardhini ni habari za kale. Mzazi wake aliyetoka Goma anaujua ulio hai, na tarehe yake ni hii.

Nyiragongo una urefu wa mita 3,470, kaskazini mwa Goma, na kwa miongo mingi ya karne iliyopita ziwa la lava lilitokota ndani ya kasoko yake. Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za mlima zilipasuka, ziwa likakauka kwa muda usiofika saa moja. Lava yake ina silika kidogo, hivyo ni nyepesi kama uji wa mgonjwa. Siku hiyo ilikimbia kuliko miguu ya mtu, ikafunika vijiji vya mteremkoni pamoja na watu wake.

Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilishuka kutoka mlimani hadi ukingoni mwa mji. Lava ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya Goma, ikabomoa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao. Wengi waliokimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, walirudi siku chache tu baadaye, mawe yakiwa bado na joto. Waliyapasua kwa nyundo, wakayabeba kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, wakajengea kuta nyeusi zinazoonekana Goma hadi leo.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulipasuka tena bila mji kuonywa. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na watu zaidi ya 30 walikufa. Ardhi iliendelea kutetemeka, na tarehe 27 serikali ikaamuru mitaa kumi ihamwe. Watu wakaelekea Sake, Rwanda na Bukavu.

Kati ya milipuko hii ilipita miaka 25, kisha 19: anayezaliwa Goma huenda akaukimbia moto huu zaidi ya mara moja. Kituo cha volkano cha Goma kipo tangu 1986, lakini kabla ya 2021 kilikuwa kimepungukiwa fedha za kuuchunguza mlima. Fedha hizo zisikatike tena. Nasi tulio Durban tuwafundishe watoto tarehe hizi tatu, maana jamaa zao wangali wanalala chini ya Nyiragongo.