Mabomu juu ya Miji na Sheria ya Mataifa

Mwenye kupigana vita ya haki, je, aweza kufanya lo lote? Tazameni Waingereza. Mwaka 1939 waliahidi kutopiga raia kwa ndege, ikiwa adui naye atajizuia. Adui hakujizuia: Rotterdam na Coventry zilichomwa. Basi tarehe 14 Februari 1942 marubani wa Kiingereza walipewa agizo jipya, kuvunja mioyo ya raia wa Ujerumani, hasa wafanyakazi wa viwanda. Julai 1943 Hamburg iliwaka. Watu zaidi ya 30,000 walikufa, wengi ndani ya vyumba vya chini walimokimbilia.

Sheria ilisema nini? Mapatano ya La Haye ya 1907 yalikataza kupiga mji usiolindwa, kwa njia yo yote; maneno haya ya mwisho yaliongezwa kwa sababu ya ndege. Watetezi wakajibu: Hamburg ilikuwa na mizinga, kwa hiyo ililindwa. Jibu la wakili! Mizinga ya bandarini haimgeuzi mtoto mchanga kuwa askari. Padri John Ford, Mmarekani wa Shirika la Yesu, aliandika hivyo wazi mwaka 1944, nchi yake ingali vitani.

Huko Nuremberg hakuna aliyehukumiwa kwa kupiga miji kwa ndege. Washindi wangejihukumu namna gani? Mwaka 1977 tu, Itifaki ya Geneva ilikataza kuuhesabu mji mzima kuwa shabaha moja. Uingereza iliithibitisha mwaka 1998. Marekani ilitia sahihi mwaka ule ule wa 1977, wala haijaithibitisha.