Hesabu za Wabajuni: Tangu Miongo ya Nairuzi Hadi Takwimu

Limeota mizizi katika shule zetu wazo kwamba hisabati ni elimu ya kigeni, iliyoteremshwa pwani pamoja na chaki na ubao. Mwanafunzi akilemewa na sehemu au asilimia, hujiliwaza kwa kusema kwamba wazee wake hawakuwa na mambo hayo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo si kweli. Ushahidi tutautafuta mahali ambapo wengi hawatarajii kuukuta, yaani katika visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayu, na hasa Chovai.

Chovai ni kimoja katika msururu wa visiwa vidogo vya matumbawe vilivyojipanga sambamba na pwani ya Somalia, pamoja na Koyama, Chula na Ngumi. Lugha ya wenyeji ni Kibajuni, ambacho pia huitwa Kitikuu, mojawapo ya lahaja za kaskazini za Kiswahili. Riziki yao kubwa ni bahari, na mtu anayeitegemea bahari hana budi kuyajua mambo matatu: siku, mahali na kipimo. Yote matatu ni hesabu.

Tuanze na siku. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao una siku 354 au 355. Kwa kuwa mwaka wa jua una siku 365 na robo hivi, Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na katika miaka 33 hivi huwa imeyazunguka majira yote. Kalenda hiyo yatosha kwa ibada, lakini haimwambii nahodha lini kaskazi itaanza kuvuma, wala lini kusi itachafua bahari hata vyombo vidogo visiweze kutoka. Kwa hiyo mabaharia wa pwani yetu walikuwa na kalenda ya pili, ya Nairuzi, ambayo jina lake linatokana na mwaka mpya wa Waajemi. Huko Makunduchi, Unguja, sikukuu ya mwaka huo ingali ikiadhimishwa kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa.

Mwaka wa Nairuzi una siku 365. Hazikugawanywa kwa miezi, bali kwa makumi, na kila kumi moja huitwa mwongo. Miongo 36 hufanya siku 360, kisha husalia siku 5 za kuufunga mwaka. Mwalimu ataona mara moja kwamba hapa pana kugawanya kwa kumi na kupata baki. Siku ya 127 ni miongo 12 kamili na siku 7. Basi ni siku ya saba ya mwongo wa kumi na tatu. Baharia asiyejua kusoma wala kuandika aliweza kuipata siku hiyo kichwani mwake, na kwayo akajua upepo gani unatarajiwa.

Hata hivyo, kalenda hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe ina mafunzo. Haina siku ya ziada katika mwaka mrefu. Robo siku inayoachwa kila mwaka hufanya siku nzima baada ya miaka 4, na baada ya miaka 40 hufikia siku 10 hivi, yaani mwongo mzima. Upepo ambao babu aliuona ukianza katika mwongo fulani, mjukuu atauona katika mwongo unaofuata. Tusiidhani kasoro hii kuwa ni ya Waswahili peke yao. Kalenda ya Kirumi nayo ilikosea, japo kwa kiasi kidogo zaidi, na mwaka 1582 Papa Gregori wa Kumi na Tatu alilazimika kufuta siku 10 ili kuisahihisha. Waajemi wenyewe waliirekebisha kalenda yao mwaka 1079, katika kazi ambayo Omar Khayyam alishiriki. Funzo ni kwamba desturi iliyorithiwa haitoshi pasipo kuitazama bahari yenyewe, kulinganisha, na kusahihisha. Huo ndio msingi wa sayansi yote ya takwimu. Na tukumbuke kwamba neno takwimu tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kalenda.

Jambo la pili ni mahali. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa vidole, na kwa kibao chenye uzi uliofungwa mafundo, kiitwacho kamali. Waliigawa duara nzima katika vidole 224, na dira yao katika pande 32. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na vidole 7. Ahmad ibn Majid, nahodha maarufu wa karne ya 15, aliieleza elimu hii katika vitabu vyake. Chovai iko kusini kidogo ya Ikweta, na hapo Nyota ya Kaskazini hupotea katika upeo wa macho. Aliyeifikia pwani hii alilazimika kutumia nyota nyingine, na kuongeza au kupunguza vidole kwa kila moja. Hiyo ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, na aliyeikosea aliweza kupoteza chombo na watu.

Jambo la tatu ni kipimo. Shibiri mbili ni mkono mmoja, na mikono minne ni pima moja. Vibaba vinne ni pishi. Boriti za mikoko huuzwa kwa korija, nayo ni ishirini. Methali yetu ya "haba na haba hujaza kibaba" tunaitumia kufundishia subira, lakini ndani yake mna somo la kujumlisha.

Katika lugha pia imo historia. Sita, saba na tisa tumezipata kwa Waarabu, lakini mtandatu na kenda ni zetu za asili, na fungate bado lipo kwa maana ya siku saba za harusi. Sifuri nayo ni ya Kiarabu, na Wazungu waliipata kutoka asili hiyo hiyo.

Kwa nini tuyahimize haya leo? Mpaka wa wakoloni uliwagawa Wabajuni mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia nchi ya Jubaland. Mwaka 1972 Kisomali kilipewa maandishi rasmi, kikawa lugha ya shule, na mtoto wa Chovai akajifunza hesabu kwa lugha isiyo ya mama yake. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya na nchi za mbali. Jamii ikitawanyika, maneno ya kazi hutangulia kupotea, kwa sababu kazi yenyewe imebaki nyuma. Mtoto aliyezaliwa ugenini aweza kujua salamu za Kibajuni asijue mwongo ni nini.

Ulimwengu wa sasa unawahitaji watabiri wa hali ya hewa, wakadiriaji wa samaki waliobaki baharini, na wataalamu wa kuchambua takwimu kwa kompyuta. Kazi hizo zina vyombo vipya, lakini swali lao ni lile lile la nahodha: kwa yaliyokwisha kuonekana, tutarajie nini kesho? Basi mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hisabati washirikiane. Wawatume wanafunzi kwa wazee wakaandike majina ya pepo, vipimo na miongo, kisha wayalete darasani wayapigie hesabu. Mtoto akijua kwamba babu yake aligawanya mwaka kwa kumi na kupata baki, hataiogopa tena hesabu kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.