Sime ya Mlima Kenya Haikutoka Roma

Dai moja halikomi: kwamba sime ya Mlima Kenya ni mjukuu wa upanga wa askari wa Kirumi. Fikra za namna hiyo ni za kale. Mwaka 1904 Mjerumani Moritz Merker aliandika kwamba Wamaasai na Wayahudi wa kale ni wa asili moja, na tangu hapo wapenda ngano wakawa wanaona mkono wa mgeni katika kila chuma cha huku.

Hawajazilinganisha silaha zenyewe. Upanga wa Kirumi ulikuwa na ncha ya kuchoma na kifundo mwishoni mwa mpini. Sime huanza nyembamba mpinini, hupanuka kadiri inavyoshuka, kisha hukatika ghafla kuwa ncha. Uzito uko mbele, kwa hiyo hufyeka kuliko inavyochoma. Mpini wake ni mti uliovikwa ngozi, bila kikinga mkono. Ala ni mbao mbili zilizoshonewa ngozi na kupakwa rangi nyekundu. Kikinga cha nini, ilhali pigo hupokewa na ngao? Ulaya nako vikinga vilikuwa vifupi enzi za ngao kubwa. Vilisukwa kuwa tundu la vyuma karne ya 16, ngao ilipokwisha kuachwa. Ncha nayo hufuata kinga ya adui: panga za Ulaya zilichongoka karne ya 14 kwa sababu deraya za bamba hazikukatika.

Anayestahili kusomwa ni Jean Brown, aliyechunguza uhunzi wa Mbeere ya kusini na mwaka 1995 akatoa kitabu kuhusu ufuaji vyuma Kenya. Huko chuma kilitokana na mchanga mweusi wa mitoni. Ulioshwa hadi udongo ukaisha, ukachomwa kwa makaa huku mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikipuliza. Bonge lililotoka lilijaa mavi ya chuma, na mhunzi alilipasha moto na kulifua tena na tena hadi likatakata. Kwa jasho hilo, nani angepoteza chuma kwa upanga mrefu?

Waingereza waliivamia Embu mwaka 1906, na mwaka 1908 afisa wao E. B. Horne akafungua kituo cha utawala Meru. Kwa historia ya sime, waya nene za madukani, na baadaye springi za magari makuukuu, zilikuwa na uzito zaidi kuliko maafisa hao. Kuyeyusha mchanga kukafa, kufua kukabaki, na sime zikarefuka. Ndizo zilizoingia msituni wakati wa Mau Mau.

Basi umbo lilitokana na ngao, urefu ukatokana na wingi wa chuma; Roma haihitajiki. Mwenye sime ya babu nyumbani asiipige msasa. Alama za nyundo na mistari ya mavi ya chuma ndiyo hutenganisha chuma cha mchanga na springi ya lori, na kiwanda cha kuurudisha ushahidi huo ukishafutwa hakipo.