Handaki la Bigo

Karibu na Mweya, huko Katwe penye chumvi, Kapteni Lugard alijenga ngome mwaka 1891. Hiyo ni ya juzi tu. Makao ya mtawala yaliyo rika moja na majumba ya makabaila wa Uingereza ya karne ya 14 tuyatafute wapi?

Hatuna budi kwenda mashariki, hadi Bigo bya Mugenyi, ukingoni mwa mto Katonga. (Nchi ile nayo iliitwa Bwera, isichanganywe na Bwera yetu ya mpakani.) Mahandaki yake, ambayo masimulizi huyahusisha na Wachwezi, yana urefu wa zaidi ya kilomita 10, na mahali pengine yamekatwa ndani ya mwamba, kina kikipita mita 3.

Kule Kent, nyumba ya Ightham Mote nayo imezungukwa na handaki, ila lile limejaa maji, na ukumbi wake wa kale ungali umesimama. Bigo haina ukumbi. Merrick Posnansky, aliyefukua hapo mwaka 1960, alikuta mifupa mingi ya ng'ombe, akafananisha mahali hapo na orurembo, boma la mfalme wa Nkore. Yamkini ndiyo sababu ya upana wake: mali ya bwana huyo ilikuwa na miguu, ikahitaji malisho na maji.

Hatukubaliani na wasemao kwamba pasipo ukuta wa mawe hapakuwa na dola. Kukata mwamba kwa mikono kulitaka mwenye kuamuru, na chakula cha kuwalisha wachimbaji.