"Meno ya Nailoni": Kinywa cha Mtoto kama Ushahidi wa Kihistoria

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa kinywa nchini Tanzania walikabiliana na desturi ya kung'oa "meno ya nailoni", yaani uvimbe mweupe wa ufizi uliodhaniwa kuwaletea watoto wachanga homa na kuharisha. Jina lenyewe ni ushahidi: nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938, hivyo istilahi hii haiwezi kuwa ya kale.

Uvimbe huo ni chipukizi la chonge. Ulipochimbuliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli, ulileta kuvuja damu, usaha, hata pepopunda. Madhara hayo humfikisha mtoto zahanati mapema. Mengine hukawia, kwa kuwa chipukizi la chonge la kudumu limo jirani, nalo huota karibu na umri wa miaka 11. Likijeruhiwa, jino hukosekana, hupinda au huota na gamba bovu, na tiba yake hudai eksirei na upangaji wa meno.

Mtafiti wa Kifaru, chini ya milima ya Upare, hana budi kuwa na tahadhari. Mkoa wa Kilimanjaro una maji yenye floraidi nyingi, ambayo pia huharibu gamba la meno. Hata hivyo, floraidi hugusa meno mengi. Jeraha hubaki kwenye chonge na jirani zake.

Kwa hiyo daftari la zahanati halitoshi. Kiungo kati ya jeraha na jino ni simulizi la mama, na mama aliyekaripiwa hunyamaza. Kimya chake hupoteza historia, na pia humnyima tabibu chanzo cha ugonjwa anaoutibu.