Njwiywila: Lugha Iliyobeba Siri ya Vita

Wapenzi wa lugha aghalabu wamesikia habari za Wanavajo wa Marekani. Mwaka 1942 kikosi cha Marine kiliwaandikisha vijana 29 wa kabila hilo, nao wakatunga msimbo kwa lugha ya mama zao. Kifaru cha vita wakakiita kobe, nyambizi wakaiita samaki wa chuma. (Nasi Waswahili tulipokiona chombo kile tulimkumbuka mnyama mwingine wa porini, tukakiita kifaru bila kumficha mtu.) Msimbo huo ulikuwa na tabaka mbili: hata Mnavajo aliyetekwa na Wajapani, ambaye hakufunzwa msimbo, alisikia maneno ya kwao yasiyounda maana. Siri hiyo ilifunguliwa mwaka 1968. Kinaya ni kwamba serikali iliyookolewa na lugha ile ndiyo iliyowaadhibu watoto wa Kinavajo shuleni kwa kuizungumza.

Sisi tuna kisa chetu, kikongwe kuliko hicho, nacho hutajwa kwa nadra.

Katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, wananchi walilimishwa pamba kwa nguvu chini ya utawala wa Kijerumani. Mwaka 1904 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alipagawa na pepo Hongo, akaanza kugawa maji ya dawa. Habari zake zilisambazwa kwa njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, yaani mazungumzo ya siri, ya kunong'onezana. Aliyesikilizishwa ujumbe alitoa pesa moja. Naiona pesa hiyo kuwa ni kufuli la mdomo kuliko malipo: aliyekwisha kuitoa amejifunga, hawezi tena kusema kwamba alisikia kwa bahati mbaya. Kwa mtazamaji wa nje, misafara ya kwenda Ngarambe ilikuwa ya watu waendao kwa mganga, jambo la kawaida kabisa.

Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa na mwanalugha. Kwa nini siri hiyo haikusafiri kwa Kiswahili? Kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya boma. Wajerumani walikifundisha Berlin tangu mwaka 1887, na huku walitawala kwa maakida na majumbe waliokitumia kila siku. Neno la Kiswahili lililotamkwa mbele ya akida lilikuwa limekwisha kufika kwa bwana mkubwa. Kimatumbi kilikuwa na mlango na komeo.

Nisitie chumvi, hata hivyo. Njwiywila haikuwa msimbo wa kobe na samaki wa chuma. Mmatumbi yeyote angeuelewa ujumbe. Kilichoulinda ni kiapo na uchaguzi wa masikio.

Mwezi Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, na vita vikaanza. Kinjeketile alinyongwa Mohoro mwezi Agosti, lakini vita vikavuka kwenda kwa Wangindo, Wapogoro na hatimaye Wangoni. Kimatumbi kisingeweza kuwafikisha huko. Neno lililowaunganisha likawa “maji”, neno la Kiswahili, linaloeleweka na rafiki na adui sawia. Lilipaazwa kwa sauti, maana wakati wa kunong'ona ulikuwa umepita. Njaa iliyoletwa na Wajerumani kwa kuteketeza mashamba na maghala iliua wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa alitaja kati ya 250,000 na 300,000.

Ni Gwassa huyo aliyewaendea wazee wa Umatumbi katika miaka ya 1960, akalipata neno njwiywila vinywani mwao. Angechelewa miaka ishirini, asingelikuta. Nilipokuwa mwalimu kijana, katika shule moja niliyoifahamu, mtoto aliyeteleza akasema Kigogo au Kinyaturu alivikwa kipande cha ubao shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwenziwe. Watoto hao nao walijifunza kunong'ona.