Ubadilishaji wa malori ya dizeli kutumia gesi ya LPG

Ubadilishaji wa malori ya dizeli kutumia gesi ya LPG ni kazi ya kufunga vifaa vya ziada kwenye lori la dizeli ili sehemu ya mafuta yake iwe gesi ya petroli, ile ile inayouzwa katika mitungi ya kupikia. Lori lililobadilishwa hivyo bado linahitaji dizeli, na ndiyo maana mfumo huo huitwa wa mafuta mawili. Makala hii inaeleza mfumo huo na mazingira yake nchini Tanzania, hasa katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara.

LPG ni mchanganyiko wa propani na butani. Ikishindiliwa kidogo hugeuka kimiminika. Ni tofauti na gesi asilia, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani na ambayo hubebwa kwenye magari kwa mgandamizo mkubwa wa takriban baa 200 (CNG).

== Jinsi mfumo unavyofanya kazi ==

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Pistoni hushindilia hewa mpaka ipate joto kali, kisha nozeli hupuliza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Dizeli hujiwasha katika joto la nyuzi 210 hadi 250 hivi za selsiasi, lakini propani huhitaji takriban nyuzi 470. Kwa hiyo LPG haitegemewi kujiwasha ndani ya injini hiyo.

Katika mfumo wa mafuta mawili, gesi huingizwa kwenye bomba la hewa na kuchanganyika na hewa kabla ya kufika kwenye silinda. Dizeli kidogo inayopulizwa baadaye ndiyo huwasha mchanganyiko huo, mfano wa kijiti cha kiberiti.

Kiasi cha gesi kina mpaka. Ikizidi wakati lori limebeba mzigo mzito, huwaka kabla ya wakati wake na injini hugonga, jambo linaloweza kuharibu pistoni. Lori likiwa tupu au likinguruma bila kutembea, sehemu ya gesi hutoka kwenye ekzosi bila kuungua. Kwa sababu hiyo mara nyingi LPG huchangia asilimia 10 hadi 30 tu ya nishati, na mfumo mzuri huwa na kompyuta ya kuipunguza au kuifunga panapohitajika.

== Hesabu ya mafuta ==

Kilo 1 ya LPG ina nishati inayokaribia ile ya lita 1.28 za dizeli. Tuchukue lori linalotumia lita 40 za dizeli kwa kilomita 100. Gesi ikichukua robo ya nishati hiyo, dizeli hushuka hadi lita 30, na mahali pa zile lita 10 huingia takriban kilo 7.8 za LPG. Mmiliki hupata nafuu iwapo tu kilo 7.8 za gesi ni rahisi kuliko lita 10 za dizeli, na nafuu hiyo lazima kwanza ilipe gharama ya vifaa na fundi.

== Hali nchini Tanzania ==

Tanzania ina gesi asilia yake yenyewe. Iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Ndiyo sababu ubadilishaji wa magari nchini umeelekea zaidi kwenye CNG, hasa Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ni miongoni mwa wanaoifanya kazi hiyo. LPG, kinyume chake, huagizwa kutoka nje kwa meli.

== Tarime na Serengeti ==

Bomba la gesi asilia halifiki mkoani Mara. LPG huletwa kwa barabara kutoka pwani, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Tarime. Dizeli nayo husafirishwa mbali. Kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila mji, na mwenye lori anaweza kulinganisha bei ya dizeli ya Tarime au Mugumu na bei ya gesi dukani.

Malori ya wilaya hizi hubeba mahindi, ndizi, ng'ombe, mchanga na bidhaa za mgodi wa North Mara ulioko Nyamongo, na mengine huvuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya. Lori linalokwenda mbali likiwa na mzigo wa kadiri hufaidika zaidi na gesi kuliko lile la safari fupi za kusimama mara kwa mara.

== Usalama ==

Mtungi wa kupikia haufai kufungwa kwenye lori. Umetengenezwa kutumika ukiwa umesimama na kutoa mvuke. Ukilazwa hutoa kimiminika, ambacho kikifika kwenye injini huweza kuiharibu. Tangi la gari hufungwa imara kwenye fremu, lina vali inayozuia kujazwa zaidi ya asilimia 80, na vali nyingine hufunga gesi injini inapozimika.

LPG ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, kwenye shimo la gereji au sakafuni, ikingoja cheche. Mtikisiko wa barabara za vumbi hulegeza maungio, hivyo mabomba hukaguliwa mara kwa mara kwa povu la sabuni, kamwe si kwa moto.